Nyanya fupi ya ndoo haingoji mtu

Mche wa nyanya ukitoa ua ungali ndani ya kopo la maziwa, haujafika hata urefu wa kiganja, anayeanza kulima hufurahi na kumwita jirani aje aone. Kumbe ni habari mbaya. Mche huo umekwisha kuzeeka kabla ya kukua. Utabeba nyanya nne au tano ndogo, kisha utasimama hapo hapo, hata ukiuhamishia kwenye ndoo kubwa yenye samadi safi kuliko zote mjini Tabora. Ili kuelewa sababu yake, inabidi kwanza tuulize mmea unajuaje kwamba wakati wa maua umefika.

Ziko njia mbili kubwa. Mimea mingine huhesabu urefu wa usiku. Mbaazi za asili zinazokaa muda mrefu shambani ni mfano ambao kila mtu anaujua: unazipanda na mvua za mwanzo, zinaota na kurefuka, mvua inaisha, nazo bado ni majani tu, usiku ukirefuka ndipo zinapochanua. Rozela nayo ina tabia hiyo. Aliyeipanda Desemba na aliyeipanda Februari huona maua kwa nyakati zinazokaribiana, tofauti ikiwa kwamba wa kwanza ana kichaka na wa pili ana kijiti.

Siri hiyo ilifichuliwa na tumbaku, zao ambalo Tabora inalijua kuliko mengine yote. Watafiti wawili wa wizara ya kilimo ya Marekani, Wightman Garner na Harry Allard, walikuwa na aina ya tumbaku iitwayo Maryland Mammoth. Kiangazi kizima ilirefuka na kuongeza majani bila kutoa ua. Walipoiweka kwenye nyumba ya vioo majira ya baridi, siku zikiwa fupi, ikachanua. Wakajaribu kuiingiza gizani mapema katikati ya siku ndefu za kiangazi, ikachanua pia. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1920, na tangu hapo wanasayansi wanazungumzia mimea ya siku fupi, ya siku ndefu, na isiyojali.

Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, Kigoma vilevile. Siku ndefu kuliko zote mwezi Desemba ina mwanga wa jua wa saa 12 na dakika 24 hivi. Ile fupi ya Juni ina saa 11 na dakika 50. Tofauti ni nusu saa na ushee tu, lakini mbaazi huitambua.

Nyanya hicho kitu haikijali. Yenyewe huhesabu umri, na umri wake huuhesabu kwa majani. Ikishatoa majani kama saba hadi kumi kutoka chini, hutoa kishada cha kwanza cha maua, iwe Juni au Desemba. Hapo ndipo nyanya hugawanyika makundi mawili, na mgawanyo huu ndio wa kuujua kabla ya kununua mbegu.

Nyanya ndefu, kama Moneymaker, baada ya kishada cha kwanza huongeza majani matatu, kishada kingine, majani matatu tena, na kuendelea hivyo miezi kadhaa bila kikomo. Nyanya fupi, kama Tanya, Cal J au Roma VF, hutoa kishada, halafu jani moja au mawili, kishada kingine, na punde ncha ya shina yenyewe inageuka kuwa kishada. Shina limefika mwisho. Tabia hii ya kujikata yenyewe ilionekana kwa bahati huko Florida mwaka 1914, kwenye mmea mmoja uliobadilika tu, na karibu nyanya fupi zote za leo zimerithi kutoka kwenye badiliko hilo. Kama umepewa mbegu isiyo na jina, hesabu majani kati ya kishada na kishada: yakiwa matatu kila mara ni ndefu, yakiwa moja au mawili ni fupi. Utajua bila kumuuliza mtu.

Kwa ndoo, chukua fupi. Haihitaji mti wa mita mbili, haiangushwi na upepo kirahisi, na huiva kwa mkupuo. Ila ina masharti yake. Nyanya ndefu ikikosewa mwezi wa kwanza, ikapigwa na jua au ikakosa chakula, inajirudi. Ina vishada vingine mbele. Fupi ina idadi ndogo ya vishada, na wingi wake hupangwa katika wiki tano au sita za mwanzo. Ukiinyima mizizi nafasi wakati huo, au ukiiacha ikauke siku mbili, haikusubiri upate nafuu. Inaendelea na hesabu yake, inachanua ikiwa kibete, na mbolea utakayoimwagia baadaye haitarudisha kitu. Ule mche wa kwenye kopo la maziwa ulifungiwa mizizi hadi umri wa maua ukafika.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza unapingana kidogo na mazoea: usiweke kitalu. Panda mbegu moja kwa moja kwenye ndoo itakamomalizia maisha yake. Kitalu kina maana kwa mwenye robo eka. Kwa mwenye ndoo sita ni njia ya kuua mizizi bure. Weka mbegu tatu katikati ya ndoo, kina cha sentimita moja, zipishane vidole viwili. Zitachomoza baada ya siku tano hadi nane kukiwa na joto. Zikifikisha majani mawili ya kweli (si yale mawili laini ya mwanzo), bakiza mmoja wenye shina nene na uikate mingine kwa mkasi. Usiing'oe, maana mizizi imekwisha kushikana. Kama umeletewa mche wa kununua, uwe na wiki tatu hadi nne tu, urefu wa sentimita 10 hadi 15, usio na ua wala kitumba. Uzike hadi karibu na majani ya kwanza, kwa sababu shina la nyanya likiguswa na udongo huotesha mizizi mipya.

Lini? Nyanya huchagua joto. Usiku ukizidi nyuzi 22 au 23 za Selsiasi, na mchana ukipita 32, chavua hudhoofika na maua huanguka yakiwa na kikonyo chake cha njano. Ndiyo maana Oktoba ya Tabora, jua likiwaka na mvua haijaja, watu huona maua mengi na nyanya mbili. Desemba na Januari tatizo ni jingine: unyevu unaleta ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao unaweza kuumaliza mmea ndani ya wiki moja. Wakati mzuri ni kupanda mbegu katikati ya Machi, ndoo zikiwa chini ya upenu ili mvua za mwisho zisilowanishe majani, kisha kuzitoa juani mvua zikikata. Maua yatakuja Mei, na nyanya zitanenepa Juni na Julai usiku ukiwa na ubaridi. Kigoma mvua huchelewa kukata, basi sogeza hadi katikati ya Aprili. Kule Ujiji na kandokando ya ziwa usiku hauna baridi kama wa Tabora, hivyo mmea utakwenda haraka zaidi. Kwa hesabu ya jumla, tangu mbegu kuingia udongoni hadi nyanya ya kwanza kuiva ni siku 90 hadi 110.

Ndoo iwe ya lita 20, ile ya rangi au ya mafuta ya kula. Ya lita 10 inatosha pilipili, si nyanya. Pasha msumari mnene motoni, toboa matundu manane: matano chini, matatu ubavuni sentimita tatu kutoka kitako, ili ndoo ikikaa juu ya sakafu maji yapate pa kutokea. Ndoo nyeusi ivishe kiroba cheupe au ipake chokaa. Jua la saa nane mchana likipiga plastiki nyeusi, mizizi ya upande huo hupikwa, na utaona mmea unanyauka mchana huku udongo una maji.

Udongo ndio unaotenganisha anayevuna na asiyevuna. Kichanga cha Tabora hupitisha maji kama chujio na hakina chakula. Udongo mwekundu wa vilima vya Kigoma unashika maji lakini ukikauka unakuwa tofali. Kwa ndoo moja, changanya lita 10 za udongo wa juu, lita 6 za samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza, na lita 3 za pumba za mpunga zilizochomwa hadi kuwa nyeusi, si jivu jeupe. Pumba hizo huupa udongo hewa, nazo hupatikana kwenye mashine yoyote ya kukoboa. Kama udongo wako ni mchanga mtupu, punguza udongo kidogo uongeze samadi. Samadi ya kuku ikae miezi mitatu kwanza. Mbichi huunguza mizizi. Kuipima ni rahisi: finyanga konzi, inuse. Ikinuka mkojo, bado. Ikinuka kama udongo baada ya mvua, tumia.

Usichukue udongo wa shamba la tumbaku, wala mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu au mnavu. Hao wote ni ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja. Kichanga ndicho makao ya minyoo fundo, wadudu wasioonekana kwa macho ambao hufanya mizizi iwe na vinundu kama shanga. Mmea wenye vinundu hivyo hunyauka mchana, unafufuka jioni, na hauzai. Dawa ya bei nafuu ni moto. Weka udongo wenye unyevu kwenye pipa lililokatwa, funika kwa bati, koleza moto wa wastani. Zika kiazi mviringo kimoja chenye ukubwa wa yai katikati ya udongo. Kikiiva hadi kijiti kinapita, udongo umepata joto la kutosha. Acha upoe, ndipo uchanganye na samadi. Ukiuchoma zaidi ya hapo unaua hata vile vidudu vyenye faida, kwa hiyo kiazi kikiiva, toa moto.

Sasa jambo linaloihusu Tabora kuliko mikoa mingi. Machi na Aprili, miezi hiyo hiyo ya kupanda nyanya, ndiyo miezi ambayo watu wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanatoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku mikono ikiwa myeusi kwa utomvu. Kirusi cha batobato ya tumbaku hukaa kwenye jani hata likishakauka, hivyo kinaweza kuwa ndani ya sigara na ugoro. Hakihitaji mdudu wa kukibeba. Mkono uliogusa tumbaku ukigusa mche, ukavunja vinywele vidogo vya jani, umekwisha kukipandikiza. Majani hupata mabaka ya kijani kibichi na kijani mpauko, mengine huwa membamba kama uzi. Hakuna dawa. Nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla ya kugusa miche, na mzee mwenye kiko aangalie nyanya kwa mbali, kwa heshima zote. Aina ya Tengeru 97, iliyotoka Tengeru mkoani Arusha, ilizalishwa kuhimili batobato pamoja na minyoo fundo. Ukiipata, kwa udongo wa Tabora ina faida mbili kwa pamoja.

Maji: kidole ndicho kipimo. Kichomeke hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini. Mche wa wiki tatu hunywa nusu lita kwa siku. Mmea wenye matunda, kwenye jua kali, hunywa lita mbili hadi tatu, na ndoo nzima haiwezi kuhifadhi zaidi ya lita nne au tano za kunyweka. Piga hesabu mwenyewe: ukisafiri Ijumaa ukarudi Jumapili, umekwisha kuipoteza sehemu ya mavuno. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, usilowanishe majani. Tandaza maganda ya karanga au nyasi kavu unene wa vidole vitatu, kuna nafuu kubwa.

Maji yasiyo na mpangilio ndiyo huleta kuoza kitako, lile doa jeusi lililobonyea upande wa chini wa nyanya ya kwanza. Wengi hukimbilia kuponda maganda ya mayai au kunyunyizia maziwa. Havisaidii kwa msimu huo. Kinachokosekana ndani ya tunda ni madini ya kalisi (kalsiamu), ndiyo, lakini mara nyingi udongoni imo. Kalisi husafiri ndani ya maji tu, na maji mengi hufuata majani kwa sababu ndiyo yanayopumua; tunda hupata makombo. Ukikosa kumwagilia siku moja wakati tunda ni dogo kama goroli, makombo hayo hukatika, na doa utaliona wiki mbili baadaye ukiwa umesahau kosa lako. Toa matunda yenye doa, rekebisha maji, yanayofuata yatakuwa mazima. Mbolea nyingi ya naitrojeni pia huchangia, maana huongeza majani ya kushindana na tunda.

Mbolea ipimwe kwa kifuniko cha soda, ambacho hubeba gramu 5 hivi. Wakati wa kujaza ndoo, kifuniko kimoja cha DAP, mbolea ya kupandia, kikae kina cha kiganja kimoja, mbali na mbegu. Wiki ya tatu tangu kuota, nusu kifuniko cha CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni. Ua la kwanza likifunguka, acha CAN kabisa, ingia kwenye NPK (mchanganyiko wa naitrojeni, fosforasi na potashi), kifuniko kimoja kila baada ya siku 14. Tabora kuna NPK 10-18-24 ya tumbaku, na kwa kuwa ina potashi nyingi, nyanya inaipenda wakati wa matunda. Zungushia pete umbali wa kiganja kutoka shinani, fukia, mwagilia. Mmea wenye majani ya kijani cheusi, yaliyokunjamana kwa chini, shina nene kama kidole gumba na maua yanayodondoka, umelishwa kupita kiasi. Acha mbolea wiki tatu.

Kupogoa ni eneo ambalo video za mtandaoni zimewaponza watu. Zinaonyesha mkulima anakata kila chipukizi kwenye kwapa la jani, na nyanya zake zimepanda hadi darini. Huyo ana nyanya ndefu. Kwenye fupi, machipukizi hayo ndiyo yanayobeba zaidi ya nusu ya mavuno. Toa tu yaliyo chini ya kishada cha kwanza, pamoja na majani yanayogusa udongo, basi. Simika kijiti cha mita moja mmea ungali mdogo, funga kwa utepe wa kitambaa fundo legevu la umbo la nane.

Watu huuliza kuhusu uchavushaji, hasa kwa kuwa Tabora ni nchi ya asali. Nyuki wa asali hana msaada mkubwa kwa nyanya. Chavua yake imefungiwa ndani ya kikoba chenye tundu nchani, na hutoka kwa mtikisiko. Nyuki wa asali hajui kutikisa. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti ndio wanaoweza, na upepo. Ndoo ikiwa barazani pasipo na upepo, gonga shina taratibu kwa penseli kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kila siku ya pili. Siku yenye hewa kavu utaona vumbi la njano likidondoka.

Adui wa majani ni kantangaze, kiwavi aliyetoka Amerika Kusini na kuthibitishwa nchini mwaka 2014. Hukaa ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, akiacha doa pana kama karatasi iliyolowa mafuta, na ndani yake chembe nyeusi za kinyesi. Kwa kuwa yumo ndani, dawa ya kugusa haimfikii. Kwa ndoo chache una silaha ambayo mwenye eka hana: macho. Kila jioni geuza majani, chuma lenye doa, choma. Mbegu za mwarobaini zilizomenywa na kutwangwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zilale usiku, zichujwe na kutiwa sabuni kidogo, husaidia ukipuliza jioni. Jua huziua nguvu. Majani madogo yakikunjamana juu kama kikombe na ncha ya mmea kudumaa, hiyo ni rasta, inayoletwa na inzi weupe. Ng'oa mmea huo siku hiyo hiyo.

Mmea mzima ukinyauka ghafla ungali wa kijani, usikisie. Kata kipande cha shina la chini, urefu wa kidole, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukianza kushuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Udongo huo usiutupe kwenye bustani. Sugua ndoo kwa sabuni, kisha iloweke kwenye dawa ya madoa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, nusu saa.

Ndoo iliyotunzwa vizuri hutoa kilo mbili hadi tatu, karibu zote ndani ya wiki nne. Kwa hiyo ndoo sita usizipande siku moja. Panda mbili, baada ya wiki tatu mbili, kisha mbili tena. Chuma nyanya rangi ikianza kugeuka kitakoni, uziache ziivie ndani kivulini. Ladha haipungui, na ndege hawakuwahi. Ukiziacha mmeani hadi joto la Septemba na Oktoba, mabega yatabaki ya njano, kwa sababu rangi nyekundu haitengenezwi vizuri joto likipita nyuzi 30. Baada ya hapo ng'oa mmea, tazama mizizi kama ina vinundu. Ikiwa safi, udongo ule ule uchanganye na lita mbili za samadi mpya, upande mchicha au maharage. Nyanya isirudi humo hadi mwaka wa tatu.